Selpher na Ruhusa ya Kufuta

"Mimi ni baba yako mdogo," Philemon akamwambia Selpher, "na leo unaninyima ruhusa ya kufuta mstari mmoja?"

Selpher akamjibu polepole kuwa heshima yake anayo, ila ruhusa yake ni ya kusoma tu.

Huyo ndiye mjukuu wangu, Selpher wa Amalemba. Akiwa mdogo alikuwa anahesabu mayai, na kuku aliyepunguza moja alikuwa anakuja mwenyewe kujieleza. Siku hizi anatunza majina ya ukoo wetu kwenye kompyuta ya kukodi iliyo mbali, eti mawinguni. Mawingu ya Kakamega nayajua. Kila alasiri yanamwaga mvua, na sijaona jina la mtu likidondoka. Humo watu wamefungamana, mtoto kwa baba, mke kwa kwao, na kila anayeingia ana ruhusa yake. Ya ziada hupati. Nilimchinjia ingokho, kuku wa kienyeji, akala mapaja mawili akanikatalia. Mimi kama mkongwe nina ruhusa ya kuongeza majina: naongea, simu inaandika. Kufuta ni yeye peke yake, tena aliyeongeza akubali kwanza.

Sasa Jumamosi wazee wanaenda kumposea Tevin, mwana wa Philemon, binti anayeitwa Kageha. Na humo kwenye majina ya ukoo mmeandikwa kuwa bibi yake Kageha alizaliwa kwetu. Mtu haoi ukoo wake. Wazee wakiusoma mstari huo, hawatoki nyumbani.

Philemon akauliza ni mjinga gani aliyeuandika. Selpher akanigeuzia kioo cha kompyuta yake ya kubeba, anayoisomea ya mawinguni. Kando ya mstari palikuwa na jina langu, na habari yote: yule bibi alipotea akiwa mchanga katika msitu wa Buyangu, akalelewa na mbega, akachumbiwa akiwa juu ya mti.

Nyinyi nitawaambia ukweli. Nilimpenda Kageha siku ya kwanza, nikaona huyu lazima awe wetu, nikamwingiza. Nikasahau kwamba anakuja kuolewa.

"Kukhu," Selpher akasema, maana ndivyo kwetu mjukuu anavyomwita bibi yake, "sifuti bila neno lako. Ni kweli au si kweli?"

Miaka sabini nasimulia, sijawahi kurudisha hadithi hata moja. Nikamtazama Philemon. Jasho lilikuwa limemlowesha kola.

"Futa," nikasema. "Wale mbega niliwatunga mimi. Na huyo bibi hata simjui."

"Mbega gani, Kukhu?"

Kageha alikuwa amesimama mlangoni, viatu mkononi. Philemon akafunga kompyuta.