Lori la Hassani Mikononi mwa Job

Hassani alirudi Doha kutoka likizo ya Pangani akiwa na halua ya kuwagawia wenzake, na kabla hajaifungua akamkuta Job ndani ya lori lake. Lori lilikuwa la kampuni, hilo kila mtu alilijua, Hassani mwenyewe akiwamo. Lakini mtu akiendesha gari moja miaka minne, akajua linakohoa wapi na linatulia wapi, hebu mwambie si lake uone atakavyokutazama.

Utaratibu wa yadi ulikuwa huu: dereva akienda likizo, gari lake hupewa mwingine, na akirudi huziba nafasi za wagonjwa mpaka lipatikane la kumfaa. Gari likitoka gereji nalo huchukuliwa na dereva asiye na gari. Mwaura, msimamizi wao, aliukuta utaratibu huo na akauacha vivyo hivyo.

Basi Hassani akawa wa kuziba nafasi. Kila asubuhi alimtazama Job akitoka kupeleka maji ya kumwagilia miti Lusail. Alimwonea gere kwa kila kitu: kiti alichokisogeza nyuma kwa miguu yake mirefu, redio aliyoihamisha stesheni, kibendera cha Kenya alichokining'iniza kwenye kioo. Kilichomuuma zaidi ni kwamba lori lilikuwa safi kuliko alivyoliacha. Angalau lingechakaa kidogo, lionyeshe kuwa lilimkosa. Na Job mwenyewe alimwita mzee Hassani, akamkaribisha karak, ile chai nzito ya maziwa, asimpe hata sababu ya kumchukia. Hassani akamchukia hivyo hivyo.

Julai hiyo, joto likiwa limepamba moto, feni ya AC ikagoma. Kompresa ilikuwa nzima na baridi ilikuwepo, ila hapakuwa na upepo wa kuitoa kwenye matundu. Job alirudi yadini shati limemganda mgongoni. Mwaura akasema hamruhusu dereva kutoka katika hali ile, kisha akamwita Hassani, maana fundi alikuwa Al Thumama kwenye gari jingine na hakuna aliyelijua lori lile kama yeye. Hassani kifua kikamjaa.

Akawasha injini, akaanza kutafuta ugonjwa. Fyuzi ilikuwa nzima. Akabadilisha rilei ya feni, ile swichi yake ya umeme, na ile ya honi, wapi. Akazungusha swichi ya feni kutoka namba moja hadi nne, kimya. Ingekuwa ni rezista tu, ile ya kupunguza kasi, iliyoungua, namba nne ingevuma. Akashusha kabati la dashibodi upande wa abiria, akapenyeza mkono mpaka kwenye plagi ya mota. Waya mmoja ulikuwa umebabuka kidogo na plagi imelegea. Akaisukuma kwa kidole gumba, na feni ikavuma, upepo baridi ukampiga usoni.

Job alikuwa bombani akinawa, na Mwaura alikuwa ofisini akizungumza na simu. Hassani akapiga hesabu zake haraka. Lori likipona sasa hivi, Job atapanda na kwenda zake. Likilala gereji siku mbili tatu, Job atatafutiwa jingine, na likitoka litamwangukia asiye na gari. Asiye na gari ni nani, kama si yeye? Akaivuta plagi mpaka ikalegea tena.

Alimwambia Mwaura kwamba mota imekufa. Alisema hivyo kwa utulivu, hata akajishangaa. Mwaura akakuna kichwa, akasema Lusail wanangoja maji na mwenye kibali cha kuingia geti lile ni Job peke yake. Akaingia ofisini, akatoka na ufunguo, akampa Job na kumwonyesha lori jeupe, jipya, lililoegeshwa mwisho wa yadi. Job akauliza mara mbili kama kweli ni yeye anayepewa.

Hassani naye akauliza lile lilikuwa la nani.

"Lilikuwa lako," Mwaura akamjibu. "Namba zake zimetoka jana. Nilitaka nikupe kesho, wewe ndio wa zamani hapa. Lakini sasa Job hana gari, nifanye nini?"

Hassani akaomba ajaribu lile bovu mara moja tu, akapanda mbio, akaisukuma plagi, na feni ikavuma. Mwaura akaweka kiganja kwenye tundu la upepo, akakiacha pale kwa muda, kisha akamtazama.

"Hiyo plagi umeiona saa hii?"

"Sasa hivi," Hassani akasema, macho yake yako sakafuni.

"Sawa. Basi gari lako hili hapa, limepona. Umelililia tangu urudi."

Hassani akauliza, kwa sauti ndogo, kama hawawezi kubadilishana kabla Job hajatoka. Mwaura akasema khalas, yamekwisha, ufunguo umeshatolewa, akarudi ofisini. Job akaja kumpa mkono na kumshukuru kwa kumhangaikia, akasema bila yeye angekufa na joto.

Hassani akabaki ndani ya lori alilolitaka usiku na mchana, AC ikipuliza vizuri kabisa. Kule mwisho wa yadi Job alikuwa akibandua nailoni kwenye usukani mpya, taratibu, kipande kwa kipande, naye hakuweza kuyaondoa macho.