Majaribio Yaliyozimwa Adhuhuri

Uvumilivu wangu uliisha adhuhuri moja hapa Mkomani, kwenye kituo cha mafunzo ya kompyuta, kioo kilipoingia giza mbele ya uso wangu, mwanangu nimempakata. Majaribio yalikuwa yamebaki machache tu. Mlinzi wa kituo kazima swichi kubwa tena, ati adhana imetoka.

Nilikuwa nimeunda programu ya kupanga zamu za akina mama kliniki. Unaandika amri kwenye dirisha jeusi: moja ya kuiendesha programu, nyingine ya kuijaribu. Jaribio likifaulu linatoka kijani, likianguka jekundu. Mashine yenyewe kuukuu, inajikokota. Na mwalimu alishasema: asiyemwonyesha kijani kitupu kabla ya alasiri siku ile, haingii darasa la pili.

"Baba, si nilikuomba uniwachie?" nikamwambia mlinzi.

"Adhana imetoka, mwanangu. Kazi zisimame."

"Nitasimama mimi, nikaswali. Hiyo mashine ina udhu?"

"Umeme hauliwi bure watu wakiwa kwenye sala."

Ndipo tukasikia mngurumo pembeni: friji yake ya barafu za ukwaju, anazowauzia wanafunzi.

"Na hiyo je?"

"Hiyo ina waya wake."

"Ina na kadhi wake?" akadakia mwenzangu wa meza ya pili. Darasa zima likacheka, na mzee naye akainamisha kofia tusimwone meno.

Sikungoja ruhusa. Niliburuta ekstensheni hadi soketi ya friji, nikachomeka kompyuta, nikaandika amri ya kujaribu, nikaenda kuswali. Niliporudi nikakuta kijani kwa kijani na jekundu moja: programu imempa mama mmoja zamu mbili. Kosa langu. Nikarekebisha, nikarudia jaribio hilo peke yake, kisha yote. Mwalimu alipokuja kuchungulia, hakuna jekundu. Darasa la pili nikaingia.

Hasira haikuingia nami, ikabaki mlangoni inanisubiri. Kesho yake nikapeleka barua kwa kamati ya kituo:

"Nalalamika kwamba mlinzi huzima umeme nikiwa katikati ya kazi, na nimeshamwomba kwa adabu. Naomba swichi kubwa isiguswe mpaka jioni. Pia naomba aniombe radhi mbele ya darasa, kwa kuwa mbele ya darasa ndipo aliponizimia umeme."