Mawe Niliyorundika Juu ya Timbo

Ploti yangu karibu na Dagoretti Corner ilikuwa na shimo kubwa chini yake, na mimi ndiye niliyelichimba. Nilikata mawe pale nikiwa kijana, nikayauza, nikanunua ardhi yenyewe. Timbo lilipoishiwa mawe nikalijaza takataka za soko, nikatandaza udongo, nikapanda nyasi. Sikufika darasa la nne, lakini nyasi zile zingemhadaa hata mwenye digrii.

Mnunuzi alikuwa muuguzi mstaafu, mjane, mtu wa magharibi mwa nchi. Alitaka nyumba ya kuzeekea.

"Ni pazuri, mzee," akasema. "Lakini nitaleta mtu apime kwanza."

"Apime nini? Mipaka si unaiona?"

"Apime chini."

Nikauliza River Road, kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Akaniambia kuna mashine inayopima jinsi ardhi inavyovuta vitu: penye mwamba inavuta zaidi, penye uwazi inalegea. Nikaona basi, ni mambo ya uzito tu. Nikaagiza malori ya mawe, yakarundikwa juu ya timbo hadi yakanipita kimo. Nilijiona mjanja kweli.

Mpimaji akaja kutoka ofisi yao ya Parklands. Msichana mwembamba, na kimashine cha ukubwa wa ndoo chenye miguu mitatu. Akapigilia vijiti ploti nzima.

"Binti, mizani hiyo ni ya viazi?" Mafundi wangu, waliokuwa wakipigilia ua, wakacheka.

"Tafadhali msitembee, mzee. Inasikia hatua."

Nikamkonyeza fundi mmoja aendelee kugonga nyundo. Msichana akakunja mikono akangoja juani mpaka fundi akachoka yeye. Na kila baada ya muda alirudi kwenye kijiti cha kwanza, akasoma upya.

"Umesahau nini huko?"

"Naangalia kama mashine imeanza kunidanganya. Haya mawe yaliletwa lini?"

"Yako hapa miaka."

"Na nyasi chini yake bado mbichi?"

Mafundi wakacheka tena, safari hii wakinitazama mimi. Akawapa tepu wamshikie, akapima urefu, upana na kimo cha rundo. Kilicho juu ya ardhi, alisema, anakitoa kwenye hesabu. Kisha akaongeza vijiti kulizunguka. Nilikuwa nimemwonyesha pa kutafuta.

Wiki iliyofuata muuguzi alinijia na ramani. Timbo langu lote lilikuwa pale, hata ile kona tuliyoiacha kwa sababu mwamba ulitushinda.

"Ulitaka nizeekee humu?"

"Ungekufa kabla hapajazama," nikamwambia. Ndivyo nilivyosema, sipunguzi neno. Akaiacha ramani mezani, akaenda zake. Nikaitia jikoni, ikaungua.

Ploti nikamuuzia karani mmoja, mtu wa mashariki mwa nchi, mcha Mungu, mpole, asiyejua kubishana na mvi. Hakuleta mashine. Alijenga, akaingiza watoto.

Juzi aliniita nimwangalizie ukuta, maana mawe nayajua. Nyufa zimetoka msingini hadi dirishani, kiganja kinapita. Mkewe alikuwa akipika upande wa pili, namwona kupitia ufa.

"Baba, shida ni nini?" karani akauliza.

Nikagonga ukuta kwa fimbo, nikasikiliza kama daktari.

"Fundi wako alikuibia saruji."

Akanishukuru kwa mikono miwili. Fundi yule sasa yuko rumande.