Kichekesho cha Mume Mwenye Mwiko

Wiki ile mdogo wangu aliporudi Mkata kutoka kwa mumewe huko Manundu, jicho moja limefumba kwa uvimbe, baba mdogo alituma kichekesho cha zamani kwenye kundi la familia la WhatsApp. Alidhani anatupoza. Sisi hata msibani tunataniana, sembuse ugomvi wa ndoa.

Nilikitambua kabla sijakifungua. Utotoni tulikitazama kwenye kibanda cha video, jenereta likinguruma nje. Mume mlevi anaingia, anauliza ugali uko wapi, kisha anamkimbiza mkewe kwa mwiko kuizunguka nyumba. Kila pigo linasindikizwa na ngoma. Watu wazima waligonga mabenchi kwa kicheko. Mama yetu alicheka akiwa ameziba mdomo kwa upindo wa kanga, na baba ameketi ubavuni pake. Yaliyotokea kati yao nyumbani kwetu niliyajua, lakini hata siku moja sikuyaweka karibu na yale ya kwenye kioo. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Wazazi walipofariki, mmoja baada ya mwingine, niliacha shule darasa la sita nikawalea wadogo zangu kwa kuwauzia abiria wa mabasi mihogo ya kuchemsha. Huyu ndiye wa mwisho. Alipoolewa, mkaja, ile zawadi ya mama wa bibi harusi, niliupokea mimi. Kwa hiyo wakwe walipokuja kumfuata arudi, kauli ilikuwa yangu.

Tuliketi mkekani. Salamu zilipokwisha, mshenga, mzee mcheshi wa Korogwe, akaanza.

"Mama mkwe, vyombo kabatini havikosi kugongana." Kisha akaokota kijiti, akamgeukia mdogo wangu na kukipunga kama yule mume wa kwenye video. "Ugali uko wapi, we mwanamke?"

Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Wakwe wakacheka. Mume mwenyewe aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Mkono wa mdogo wangu ulipanda wenyewe, ukakinga uso.

"Weka chini hicho kijiti, mzee," nikasema.

"Aa, mwanangu, utani tu huo," baba mdogo akadakia. "Hata marehemu mama yako alikipenda kichekesho hiki."

"Alikitazama. Kama alikipenda, sijui. Hakuna aliyemwuliza."

Kisha nikamwuliza mdogo wangu, mbele yao wote, kama anataka kurudi.

"Sitaki, dada."

"Utavunja ndoa ya watu kwa mchezo wa video?" baba mdogo akafoka. "Na huyu utamlisha nini?"

"Nilichomlisha tangu anatambaa. Mkaja wao nitaurudisha."

Wakwe waliondoka bila kugusa wali niliowapikia. Tangu siku hiyo, nikimwamkia baba mdogo njiani, haitikii. Wapo majirani wanaosema nimejifanya mwanamume.

Asubuhi tunamenya mihogo pamoja, mimi na mdogo wangu. Jicho limefunguka, lakini maneno yake bado ni machache. Konda akimfokea mtu huko barabarani, kisu kinasimama mkononi mwake. Nami nasimamisha changu, nangoja mpaka aanze tena.