Kahawa Yetu Haikuwa ya Kahawia

Kila jirani yangu anapokaanga kahawa, harufu yake hunirudisha kijijini kwetu Mbuji, darasa la tano, siku niliyombishia mwalimu mbele ya wenzangu.

Nilikuwa mbishi kupita kiasi, na sidhani kama nimepona. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitokea Liuli, mtu wa ziwani, aliyejua samaki kuliko mibuni. Alitugawia majina ya rangi ili kesho yake kila mmoja alete kitu chenye rangi aliyopewa. Mimi nilipewa "brown". Akanieleza kwa kifupi: kahawia, yaani rangi ya kahawa. Nilifurahi, maana kwetu kahawa haikuwa kitu cha kutafuta. Asubuhi nikaingia na tawi la mbuni lililojaa matunda yaliyoiva, mekundu, yana umande bado, nikaliweka mezani kwake.

"Hii ni nyekundu," mwalimu alisema.

"Hii ni kahawa, Mwalimu," nikamjibu.

Darasa zima likaniunga mkono kwa kelele. Sote tulikuwa watoto wa wakulima. Kahawa tuliijua ikiwa ya kijani mtini, nyekundu kikapuni, na nyeupe iliyofifia ikishamenywa na kuanikwa kwenye vichanja. Ikikauka iliingia magunia, gari likaja, ikaondoka. Nyumbani tulikunywa chai.

Mwalimu hakupenda kuchekwa. Aliniambia nimletee kesho kahawa iliyo "brown", la sivyo nafasi yangu ya kusoma Kiingereza siku ya wazazi atapewa mwingine. Hilo liliniuma sana, kwa sababu Baba alikwisha kuwatangazia watu wote kanisani.

Nilirudi nyumbani nimeapa kwamba nafasi ile haitoki mikononi mwangu. Nilimuuliza Baba, aliyelima kahawa tangu ujana wake, kama aliwahi kuiona ikiwa ya kahawia. Akacheka.

"Mwambie huyo mwalimu wako aje shambani, nimpe kikapu achume."

Mama ndiye aliyesema kwamba zamani, akiwa msichana wa jikoni kwa masista wa misheni, aliwaona wakiikaanga kabla ya kuitwanga. Baba akamtazama kama mtu aliyefichwa jambo kubwa.

"Hujawahi kuniambia!"

"Hujawahi kuniuliza, Baba Anna."

Nikachota kiganja kimoja kichanjani. Nilibandua maganda punje kwa punje mpaka kucha zikaniuma, kisha nikaweka kikaango mafigani. Mara ya kwanza nilizubaa, zote zikaungua zikawa mkaa. Nikabandua kiganja kingine, huku machozi ya moshi na ya hasira yakinitoka. Safari hii sikuinua macho. Punje ziligeuka manjano, zikaanza kupasuka kama bisi, halafu, taratibu, zikawa rangi ile niliyoambiwa. Nikaepua haraka.

Baba aliinama, akachukua punje moja, akaigeuza, akaitafuna. Akaitema.

"Ndiyo hii?" aliuliza.

Alichukua nyingine, akabaki nayo mkononi.

Kesho yake niliweka mezani mafungu mawili, la kahawa mbivu na la kahawa ya kukaanga. Nikasema, "Mwalimu, hukukosea. Na mimi sikukosea." Alicheka, akaniachia nafasi yangu. Baadaye, nikiwa mwalimu mimi mwenyewe, nilisoma kwamba Waingereza wa kale walilitumia neno "brown" kwa kitu chochote chenye weusi kidogo, na hata kwa upanga unaong'aa. Nilitamani kumwandikia.

Siku ya wazazi nilisoma bila kukwama, Baba akapiga makofi kuliko wote. Jumapili iliyofuata aliniamuru nikaange tena, akawaita wanaume wa jirani, wakulima wenzake. Walipitishiana punje zile. "Tazameni," Baba aliwaambia, "aliyotuonyesha huyu mtoto."

Nilivimba kichwa. Nilidhani anajivunia binti yake anayejua Kiingereza, na labda ni kweli. Lakini nilikuwa mtu mzima, Baba amekwisha kufariki, nilipomwelewa na kulia: alikuwa amezeeka akiilima kahawa, na kwenye kikaango changu ndipo alipoiona mara ya kwanza kama wanywaji wanavyoijua.