Nilivyokwenda Dodoma Kupima Reli

Nilisafiri kwenda Dodoma kwa sababu ya ubishi. Miaka ile watu walikwenda Dodoma kufuatilia kibali cha saruji au kumwona mgonjwa. Mimi nilikwenda kumthibitishia mtawa mmoja wa Kiayalandi kwamba amekosea. Naieleza safari yenyewe hatua kwa hatua, kwa kuwa hapa Babati imesimuliwa na wengi ambao hawakuwapo, na kila mmoja ameongeza lake.

Wakati ule nilikuwa na kibanda cha fundi bati karibu na soko. Bati jipya halikupatikana, kwa hiyo vibatari na karai nilivitengeneza kwa madebe ya mafuta na makopo ya maziwa. Ng'ambo ya barabara ilikuwapo zahanati, na muuguzi mkuu alikuwa Sista Brijita, mwanamke mrefu wa miaka sitini hivi, aliyesema Kiswahili cha darasani bila kukosea hata ngeli moja. Jioni akishafunga zahanati alikuwa anaunda treni.

Hazikuwa za kuchezea watoto. Zilikuwa treni za kwao Ayalandi, zimepunguzwa mpaka injini nzima ikaenea kwenye boksi la viatu. Alikuwa na injini tatu na mabehewa kumi na moja, kila kimoja kimeviringishwa kitambaa ndani ya mkebe wa biskuti, na alijua kila behewa lilibeba nini na lilipita wapi. Machache aliyanunua kwao. Mengi aliyaunda mwenyewe, kwa makopo yaleyale ninayotumia mimi.

Mwaka ule viungo vya vidole vyake vilianza kuvimba, mkasi ukamshinda. Wakati huohuo ikaja barua ya kumrudisha kwao moja kwa moja. Akaniita nimmalizie mabehewa matatu ya kubebea ng'ombe. Kaka yake mzee kule nyumbani alikuwa ameshatandika reli ndogo juu ya ubao kuzunguka chumba kizima, akingoja treni ya mnada wa ng'ombe, na bila mabehewa hayo matatu treni hiyo haikuwapo. Sista alikuwa ameifanyia kazi tangu afike Tanzania. Alinikabidhi mchoro, magurudumu aliyotumiwa kutoka kwao, na ufito mmoja wa shaba wa kukatia ekseli, vile vyuma vya kuunganisha gurudumu na gurudumu.

"Ni huu tu, Baba Paskalina," alisema. "Mwingine hakuna."

Mchoro ulitaka magurudumu yaachane kwa upana wa vidole viwili. Mimi sikuwa nimewahi kuona treni maishani mwangu, lakini kule Bagara aliishi Mzee Hamadi, aliyewahi kupakia mizigo stesheni ya Dodoma. Nikampelekea mchoro. Aliutazama akacheka mpaka akakohoa.

"Reli ni mita moja, haizidi," alisema. "Huyu mama ameitanua kama kitanda cha harusi."

Nikapiga hesabu. Mita moja, ikipunguzwa kwa kadiri ya mchoro, inatoa kidole kimoja na kidogo. Siku hiyohiyo nikaukata ufito vipande sita kwa kipimo cha Mzee Hamadi. Kesho yake nilivuka barabara kumwambia Sista kwamba mchoro wake una kosa.

"Hauna," alisema, akaingia ndani kuchoma sindano.

Sikumwambia kwamba nimeshakata. Lile neno lake moja lilinikera siku mbili, na siku ya tatu nikaamua kwenda kuipima reli yenyewe nimletee jibu la chuma.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi nilipanda lori la maharage lililokuwa limesubiri dizeli tangu Jumatatu. Katika mfuko nilitia mchoro, gurudumu moja, na kamba niliyoipiga fundo kila baada ya nusu mita. Mke wangu alinisindikiza mpaka kwenye lori.

"Nyumba haina sabuni wiki ya tatu, wewe unafuata reli," alisema.

"Nikiiona sabuni nitaleta."

"Utaleta kipimo chake."

Bonga hadi Bereko tulipanda polepole, kwa sababu tairi mbili za mbele zilikuwa zimepasuka na kuunganishwa kwa bolti, na kila bolti ilisikika barabarani. Dereva alikuwa Mrangi anayeitwa Shabani, mtu wa maneno mengi. Nilimweleza habari yangu yote, naye akauliza, "Kwani kazi ya Sista si sindano? Mambo ya treni ameyajulia wapi?"

"Ndiyo hapo," nilimjibu, na nilijiona nimesema jambo la maana.

Kondoa tuliingia jioni, tukalala nyumbani kwa mama yake Shabani. Alitupa ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, pamoja na maziwa mgando, akaomba radhi kwa rangi ya ugali kana kwamba yeye ndiye aliyeipaka. Aliposikia ninakokwenda alinitazama kwa huruma, akaniombea dua.

Alhamisi tulikaa Haneti nusu ya siku kwa ajili ya tairi, na jua lilikuwa linazama tulipofika Dodoma. Nililala kwenye maharage, nikilinda mzigo kama sehemu ya nauli.

Ijumaa saa moja asubuhi nilikuwa stesheni. Treni ya mizigo ilikuwa imesimama, na kwa mara ya kwanza niliona kwa macho yangu kile nilichokuwa nikikilehemu. Nilifurahi, sifichi. Nilitembea kando yake toka kichwani mpaka behewa la gadi mkiani, nikitazama ribiti, bawaba za milango na minyororo ya kuungia mabehewa. Halafu nikainama kutazama chini. Behewa lilikuwa pana, magurudumu yamejikusanya ndani kabisa, kama mtu mnene aliyekalia kigoda. Hivyohivyo ndivyo yalivyoonekana yangu niliyoyapanga juu ya meza! Nikavuka kwenye njia ya pembeni isiyokuwa na treni, nikapiga magoti, nikanyoosha kamba. Fundo la pili liliangukia kwenye chuma barabara. Mita moja. Nilianza kuyapanga maneno ya kumwambia Sista, na sikuyapanga kwa upole.

"We mzee! Unafanya nini hapo?"

Alikuwa mgambo mwenye rungu.

"Napima," nikasema.

"Unapima nini?"

"Reli."

"Nani amekutuma?"

"Sista."

Kila jibu lilikuwa kweli na kila jibu lilinizamisha zaidi. Ilikuwa miaka ya kusaka wahujumu uchumi. Watu walitupa mifuko ya sukari vichakani kwa hofu. Mgambo alinipekua akakuta mchoro wa behewa wenye maandishi ya kigeni, gurudumu la shaba na kamba yenye mafundo. Alinishika mkono wa shati, tukaenda.

Saa mbili na nusu nilikuwa nimesimama mbele ya foramani wa njia, msimamizi wa matengenezo ya reli, Mgogo wa makamo anayeitwa Mzee Yohana. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho. Alitandaza mchoro mezani, akautazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoutazama mimi tangu nipewe.

"Mwachie," alimwambia mgambo. "Huyu ni fundi tu." Kisha akaniuliza, "Umekuja kupima nini hasa?"

Nikamweleza kwamba mchoro umekosewa, na kwamba nimethibitisha.

"Haujakosewa." Aliweka kidole kwenye tarakimu mbili ndogo chini ya magurudumu. "Futi tano, inchi tatu. Hiyo ni reli ya kwao huyo aliyechora. Wahindi walionifundisha kazi walisema kwao ziko pana na ziko nyembamba. Na kwa nini uende mbali? Hapa hapa kwetu, reli ya kwenda Zambia imeizidi hii. Behewa la huku halipandi kule. Kila njia na upana wake, mzee wangu."

Nilikuwa nimeziona zile tarakimu. Nilidhani ni namba ya ukurasa.

Nilikaa bila kuambiwa kaa. Sikuwaza aibu kwanza. Niliwaza ule ufito, vipande sita vifupi juu ya meza yangu, na kaka wa Sista na ubao wake uliozunguka chumba. Nikamwambia Mzee Yohana kila kitu. Alisikiliza, akainuka, akaniongoza nyuma ya banda la kiberenge, kile kigari cha kukagulia reli. Pale ilikuwapo pikipiki yake ya zamani, injini ilishang'olewa siku nyingi. Alikata spoku tatu kutoka gurudumu la nyuma, akanitilia mkononi.

"Hiki ni chuma, si shaba," alisema. "Utaweza kulehemu?"

"Nikikwangua vizuri na nikipata asidi, nitaweza."

Usiku huo nilikula mlenda nyumbani kwake, kwenye kota za reli. Kabla sijalala aliniandikia barua kwamba spoku ni mali yake binafsi na amenipa kwa hiari.

Jumamosi asubuhi Shabani alikuwa anarudi na magunia matupu. Tulipofika kwenye kizuizi cha Kondoa, askari aliisoma barua mara mbili.

"Spoku tatu za pikipiki. Pikipiki iko wapi?"

"Sina pikipiki, afande."

"Sasa za nini?"

"Ekseli za treni."

Alinitazama, akamtazama Shabani, akanirudishia barua na kuniambia nipande gari kabla hajabadili mawazo.

Jumapili saa nane mchana tulikuwa Bonga, na kwa amri ya siku zile magari binafsi yalikuwa hayaruhusiwi barabarani Jumapili kuanzia saa hiyo. Shabani aliegesha lori chini ya mti akatandika mkeka. Sista alikuwa anaondoka Jumatano. Nikashuka nikatembea kwa miguu mpaka Babati.

Saa kumi na moja jioni nilimkuta barazani, amezungukwa na mikebe yake ya biskuti, anafunga kitambaa kimoja kimoja. Nilimpa shikamoo, akaitikia. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kuanzia mbali, lakini vumbi na uchovu vilinifupisha.

"Sista, nilikata ufito vibaya. Vipande vyote."

"Najua," alisema. "Alhamisi nilikuja kukuonyesha pa kukata. Mama Paskalina akanifungulia kibanda, nikaviona. Nilikaa kwenye kigoda chako nikalia."

Nikazitoa spoku. Alizipokea, akaipima moja kwa kidole gumba, akaingia ndani kuleta tupa.

Jumatatu na Jumanne sikufungua kibanda kwa mteja mwingine. Tulifanya kazi pale barazani. Yeye alichonga kijiti cha upana wa vidole viwili kamili, mimi nikakwangua, nikakata, nikalehemu. Kila ekseli ikitoka motoni aliingiza kijiti kati ya magurudumu, akakizungusha, akaiweka kando. Mbili alizikataa. Nilizirudia bila kunung'unika. Jumanne alasiri mabehewa matatu ya ng'ombe yalisimama kwenye meza kwa miguu iliyotanuka vizuri, na nikaona kwamba kumbe ndivyo yalivyokuwa yanataka kusimama tangu mwanzo.

Akamimina chai. Haikuwa na sukari.

"Baba Paskalina," alisema, "umemuuliza Mzee Hamadi, ukamuuliza dereva, ukaenda mpaka Dodoma ukauliza chuma. Siku tano. Mimi niko hapa ng'ambo ya barabara. Mbona mimi hukuniuliza?"

Jibu la kweli halikuwa la heshima. Nilikuwa nimelikubali ndani ya lori, Shabani aliposema kazi yake ni sindano. Kwa hiyo nikafanya lililobaki.

"Sista, ulijuaje upana wake?"

Akaniambia. Baba yake alikuwa mtu wa njia, anatunza kipande cha reli kinachopita nyuma ya nyumba yao. Sista alipokuwa na miaka kumi na mitano baba aliugua kifua, na kama wakubwa wangejua angepoteza kazi na nyumba pamoja. Basi yeye alivaa koti la baba na kofia yake, akabeba chuma cha kupimia, akaenda. Kila hatua chache alipiga magoti kwenye kokoto, akaweka chuma kati ya reli, akatazama kama imetanuka au imebana, akasogea mbele. Treni ya mnada ikipita aligeuza uso ili dereva asimtambue. Alifanya hivyo miaka miwili, mpaka baba akafa. Baadaye njia yenyewe iling'olewa, mataruma, yale magogo ya chini ya reli, yakauzwa kuni.

Aliondoka Jumatano na gari la Arusha, mikebe yote ikiwa miguuni pake. Tangu siku hiyo, mtu akiniletea kazi yenye kipimo nisichokielewa, namuuliza kwanza yeye mwenyewe amekipata wapi, kisha ndipo nashika mkasi. Wengine huona nawachelewesha.

Mimi niliipigia magoti reli mara moja, asubuhi moja, nikainuka nikiwa na kiburi cha kumfundisha mtu. Yeye aliipigia magoti kila asubuhi kwa miaka miwili, mvua na baridi, na mimi nilivuka barabara kumwambia amekosea.