Shangazi amefunika vidonda kwa piko, na Jumatatu anaanza kumsinga mwali

...Basi ndiyo hayo niliyokuwa nakuandikia jana, Admin, kabla simu haijazima. Jina langu lifiche, mtaa sema Kisauni tu, maana tuko wengi. Nina miaka ishirini na mitatu, nilisoma mpaka kidato cha nne, na nimeolewa juzijuzi tu, baada ya Idi. Udi wa harusi bado wanukia kwenye mapazia ya chumba changu.

Dada zangu, nimeolewa nikapendwa! Mume wangu anafanya kazi yadi ya makontena kule Miritini, na hata akirudi hoi, hakosi kikuba cha asumini alichoninunulia njiani. Ananivika mwenyewe. Akiniita naitika "abee" kwa sauti ambayo majirani wananicheka. Sikujua mtu anaweza kuwa na furaha hivi huku anaosha sufuria. Kwa hivyo mnisome vizuri, shida yangu si mume. Shida yangu iko mlango wa pili.

Tunakaa ua mmoja na shangazi yake, ndiye aliyemlea tangu mamake alipofariki. Shangazi ni somo. Anawafunda maharusi, anawapaka piko, ile hina nyeusi, anawasinga mwili kwa manukato. Hata mimi alinisinga yeye, na siku ile niliibusu mikono yake.

Mwezi huu kijana wake, utingo wa malori, alirudi safari na homa, na malengelenge usoni na viganjani. Hospitali wakasema ni mpox, hii watu wanaiita homa ya nyani. Mhudumu wa afya wa mtaa, mama mmoja mpole, akaja akawakalisha uani akawaeleza. Mgonjwa asitoke mpaka magamba yote yadondoke na ngozi mpya iote. Taulo na shuka zake zisichanganywe na za wengine. Na shangazi asimguse mwali yeyote mpaka ijulikane kama yuko salama. Shangazi akaitikia, "Nimesikia mwanangu, Mungu akuzidishie."

Mama wa watu hajafika hata kona, shangazi akafyonya. "Homa ya nyani! Mimi na nyani tumeonana wapi, Kisauni hii?"

Jioni ile ile kijana yuko barazani na wenzake. Kikombe cha kahawa kinatoka kwenye midomo ile yenye vidonda, kinasuuzwa kwenye kindoo cha maji ya kijivu, anapewa mzee aliye kando yake. Nikaona kwa macho yangu. Kesho yake nikakuta taulo lake, lina madoa ya usaha, limeanikwa juu ya leso yangu ya harusi. Leso ile niliiondoa kwa kijiti. Nimeichemsha, nimeianika juani, na mpaka leo siwezi kuivaa.

Lakini lililonifanya niandike ni hili. Shangazi aliniita nimsaidie kutwanga liwa na karafuu za singo. Nikaona amejipaka piko mkononi, ua kubwa limepanda mpaka kwenye kifundo. Nikamtania, "Shangazi, leo kuna harusi gani?"

"Kwani mimi si mwanamke?" akacheka.

Akanyoosha mkono achukue maji ya marashi, ukapita mbele ya pua yangu. Yale majani ya ua yalikuwa yamevimba. Kila jani lilichorwa juu ya lengelenge. Moja lilikuwa limepasuka, usaha umechanganyika na weusi wa piko, na kwa kidole kile kile akawa anakoroga singo bakulini.

"Shangazi, mkono huo..."

"Joto."

"Lakini yule mama alisema..."

"Wewe umeingia ukoo huu jana, leo wanifunza mimi? Mwali wa kule Timbwani namwanza Jumatatu. Wataka nimsinge kwa mwiko?"

Mnaojua singo mnajua. Ni kiganja juu ya ngozi, shingo, kifua, mapaja, mwili mzima, kusugua mpaka taka zitoke. Na ngozi ikishasuguliwa hivyo huwa laini kama ya mtoto mchanga. Nikifikiria mkono ule juu ya msichana wa watu, mate ya kichefuchefu yananijaa mdomoni.

Nilimwambia mume wangu. Akasema, "Mpenzi, ya nyumbani tuyamalize nyumbani. Ukimpigia yule mama, watakuja na gari mtaa mzima uone. Nani tena atampa mwali wake?"

"Na huyo wa Timbwani?"

"Nitazungumza na shangazi."

Akaenda kuzungumza. Akarudi na sahani ya mahamri aliyopewa, akakaa akala, ati ameambiwa ni vipele vya joto. Nilikimbilia chooni nikatapika. Na jana aliponyoosha mkono kunivika kikuba, nilirudi nyuma. Wallahi nilirudi nyuma, mimi ninayempenda vile. Akaniona. Akakiweka juu ya meza akatoka.

Nambari ya yule mhudumu ninayo. Nikipiga, shangazi atajua ni mimi, na mume wangu hatanitazama tena kama anavyonitazama. Nikinyamaza, Jumatatu mkono ule unaingia Timbwani. Leo ni Ijumaa. Dada zangu, mama zangu, nipige? Au nimwambie mamake mwali peke yake? Nitafutieni njia, mimi akili imeganda, na msiniambie nisubiri.

Mamake mwali mwenyewe amenipigia asubuhi hii. Anamwamini shangazi kwa sababu yangu. "Mwanangu, wewe uling'ara kama taa, na wangu namtaka hivyo hivyo. Utakuja kumwona?"

Nikamjibu, "Nitakuja, mama. Kabla ya Jumatatu, nitakuja."